Kusahau na Kukumbuka: Sifa za Wanaotandika Vyumba

Hoteli kubwa ya mjini hujionyesha mlangoni, lakini hujulikana chumbani. Mlangoni kuna marumaru, maua marefu kwenye vyungu vya shaba, bawabu mwenye kofia, na harufu ambayo baadhi ya hoteli huagiza kwa watengenezaji wa manukato ili iwe yao peke yao. Hayo yote hununuliwa. Mwenye fedha akiamua, baada ya muda si mrefu atakuwa na ukumbi wa kuvutia kuliko wa jirani yake. Chumba hakipatikani hivyo. Chumba hutengenezwa upya kila siku, kwa mkono, na mtu ambaye huenda mgeni asimtie machoni tangu afike hadi aondoke. Ndiyo maana kila ninapotakiwa kueleza nilivyokaa katika hoteli ya kifahari, hutaka kuanza na mtu huyo na ustadi wake. Naamini hakuna ufundi unaoushinda katika jengo lile zima.

Nasema hivi bila kumdharau mpishi wala mhudumu wa mapokezi. Mpishi ana sahani inayomsemea. Wa mapokezi ana tabasamu, na jina lake limebandikwa kifuani. Mhudumu wa vyumba hana cha kumsemea, kwa kuwa kazi yake ina pande mbili zinazopingana na zote mbili hufanyika kimya. Mgeni anapoondoka, chumba sharti kimsahau kabisa. Mgeni anapobaki, chumba sharti kimkumbuke. Nyumba zetu hujua kukumbuka tu: ukutani barazani kuna weusi palipokuwa pakiegemea kichwa cha babu, na kizingiti kimelika kwa nyayo za watoto waliokwisha kuwa watu wazima. Chumba cha hoteli hutakiwa kiwe na kumbukumbu ya usiku mbili au tatu, kisha kumbukumbu hiyo ifutike isibaki hata harufu. Kuijenga na kuifuta kwa mikono ile ile, siku ile ile, katika vyumba vinavyofuatana kwenye korido moja: huo ndio ufundi ninaousifu hapa.

Ahadi ya chumba kisicho na mwingine ni changa kuliko tunavyodhani. Kwa karne nyingi msafiri wa Ulaya au Marekani aliyefika nyumba ya wageni alilipia nafasi kitandani, si kitanda. Usiku wa manane angeweza kuzinduka akamkuta mtu asiyemjua amejilaza ubavuni mwake, na shuka walilojifunika limekwisha kulaliwa na wengine kabla yao. Mwaka 1829 ilifunguliwa Tremont House mjini Boston, ikaja na vyumba vya faragha vyenye kufuli, na ndani yake jagi la maji, bakuli na sabuni ya bure. Mwaka 1908 Ellsworth Statler akafungua hoteli yake mjini Buffalo ambako kila chumba kilikuwa na bafu lake, kwa bei ya dola moja na nusu. Tangu hapo mgeni wa kawaida naye akazoea kudai kile kilichokuwa cha matajiri: mahali ambapo anaweza kujifungia akaamini kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

Kati ya miaka hiyo miwili alipita César Ritz, kijana wa kijiji cha Niederwald huko Uswisi, aliyefungua hoteli yenye jina lake mjini Paris mwaka 1898. Wengi humkumbuka kwa dhahabu na taa. Mimi humkumbuka kwa kuta zake. Enzi hizo vyumba vya fahari vilibandikwa karatasi za maua na kutundikwa mapazia mazito yaliyofuga vumbi. Ritz alitaka kuta zipakwe rangi, kwa sababu ukuta wa rangi huoshwa na ukuta wa karatasi hauoshwi. Alikuwa ameelewa kwamba anasa yake yote ingesimama au kuanguka mikononi mwa anayesafisha, akakijenga chumba kwa kuufikiria mkono huo. Wasanifu wengi wa leo hawajafika hapo. Huchora mashimo ya taa ambayo hayafikiki, vioo vinavyogusana na dari, na beseni za jiwe jeusi linaloonyesha kila tone la maji, kisha humwachia mhudumu ahangaike nazo maisha yake yote ya kazi.

Mtazame basi akiwa kazini. Ni saa tano asubuhi na mgeni wa chumba cha pembeni ameshuka na mizigo yake. Wenyewe hukiita chumba cha namna hiyo chekauti, nacho ndicho kizito kuliko vyote kwa sababu kinatakiwa kizaliwe upya. Anasimamisha troli, anagonga, anataja idara yake, anangoja. Anagonga tena, anangoja. Anagonga mara ya tatu. Mapokezi wamekwisha kumjulisha kwamba chumba ni kitupu, lakini hodi huzingatia kwamba huenda mapokezi wamekosea. Sisi tuliolelewa pwani tunaijua hesabu hiyo. Adabu ya Kiislamu hufundisha kuomba ruhusa mara tatu, na usipoitikiwa urudi ulikotoka. Hoteli imeuchukua mwanzo wa adabu hiyo na kuugeuza mwisho wake: baada ya mara ya tatu mhudumu hufungua mlango taratibu, hujitaja tena, na husimama kizingitini kwanza. Hata aliyelipwa kuingia haingii kwa mkupuo.

Akishaingia hagusi kitu. Anafungua mapazia na kukitazama chumba kizima, kwa kuwa dakika hii ya kutazama ndiyo itakayookoa kila kilichosahauliwa: chaja iliyobaki ukutani, pete kwenye ukingo wa sinki, vazi nyuma ya mlango wa bafu, hati ndani ya sefu. Anachunguza chini ya mito na chini ya kitanda. Kila kinachopatikana huandikwa pamoja na namba ya chumba na tarehe, kisha hupelekwa kuhifadhiwa. Hivyo basi, hata kusahau kwa chumba huanza na kumkumbuka aliyekuwamo, na kumrudishia kilicho chake.

Kisha anaingia bafuni na kunyunyiza dawa, lakini hasugui. Anatoka na kwenda kuvua shuka. Asiyejua atadhani ameacha kazi nusu. Kumbe dawa huhitaji dakika zake kuyeyusha mafuta na chumvi, na anayenyunyiza na kufuta papo hapo amepoteza dawa na jasho pia. Huu ni ufundi wa kupanga muda kiasi kwamba hakuna dakika inayopita mikono mitupu: bafu linajilainisha huku kitanda kinavuliwa. Vitambaa vyake vina rangi tofauti, na kila rangi ina mahali pake, ili kilichogusa choo kisiguse kamwe bilauri. Vumbi anafuta kuanzia juu kushuka chini, kwa kuwa vumbi huanguka. Anakizunguka chumba kwa mwelekeo mmoja kutoka mlangoni hadi arudi mlangoni, ili pasiwe na kona iliyorukwa kwa kudhaniwa imekwisha kufanywa. Mashine ya kufyonza vumbi huja mwisho, kuanzia kona ya mbali, naye hurudi kinyumenyume akifuta hata alama za nyayo zake mwenyewe.

Bafuni adui mkubwa ni maji. Kwenye miji ya pwani, ambako visima vingi vina chumvi, tone likiachwa likaukie juu ya koki huacha duara jeupe, na duara hilo siku ya pili huwa gumu na siku ya tatu hudai kukwanguliwa. Kwa hiyo kila kitu hukaushwa: koki, bomba la kuogea, kioo, vigae, hata upande wa nyuma wa bomba unaotazama ukuta ambao mgeni hatauona labda ainame. Yuko mhudumu anayeukausha upande huo na yuko asiyeukausha. Huyo wa kwanza ndiye fundi. Anajua kwamba uchafu huanzia pasipoonekana kisha hutembea, na kwamba akiacha leo, atakayelipa ni mwenzake wa zamu ya kesho.

Halafu kuna pua. Jicho hukubali haraka, pua hukataa. Moshi wa sigara hujificha kwenye mapazia, manukato kwenye mito, mafuta ya nywele kwenye ubao wa kichwani pa kitanda, unyevu kwenye kiyoyozi. Aliyekaa ndani nusu saa haisikii tena harufu ya chumba, kwa sababu pua huzoea. Mhudumu mzoefu hutoka, hutembea kidogo kwenye korido, kisha huingia upya kama mtu anayefika kutoka uwanja wa ndege. Ni hapo tu ndipo hujua kama aliyeondoka ameondoka kweli.

Kitanda kinastahili kusimuliwa peke yake. Shuka nyeupe za hoteli hazikuchaguliwa kwa urembo tu. Pamba nyeupe huvumilia maji ya moto sana na dawa kali ya kung'arisha, na haifichi doa. Hapo zamani vitanda vingi vya hoteli vilifunikwa kwa matandiko mazito yenye michoro ambayo hayakufuliwa kwa kila mgeni. Mwaka 1999 kampuni ya hoteli ya Westin ilianza kutangaza kitanda chake cheupe kuanzia godoro hadi mto, nazo hoteli nyingi zikafuata njia hiyo. Tangu hapo kitanda kimekuwa kiapo mbele ya mgeni: hapa hakuna pa kuficha. Anayekila kiapo hicho kila siku kwa niaba ya kampuni nzima ni mhudumu wa vyumba. Doa dogo kuliko punje ya mchele humrudisha kwenye troli kuchukua shuka jingine.

Nyuma ya kitanda kimoja kuna angalau seti tatu za shuka. Moja iko kitandani, moja iko kwa dobi, moja imepumzika rafuni. Hiyo ya kupumzika haikuwekwa kwa uvivu wa hesabu. Pamba inayotolewa kwenye mashine ya moto na kutandikwa moja kwa moja, siku baada ya siku, huchanika mapema. Shuka lililopigwa pasi vizuri huja na mstari katikati, nao mstari huo ndio dira: fundi hulirusha shuka mara moja, likatanuka hewani, mstari ukatua kwenye uti wa godoro, na pande zote mbili zikaning'inia sawa bila kuvutwa. Kwenye pembe huinua ncha, huikunja ikawa pembetatu juu ya godoro, husukuma ziada chini, kisha huiteremsha pembetatu na kuichomeka. Mkunjo huo wauguzi wameujua miaka mingi, kwa sababu mgonjwa anayejigeuza hautoi. Mto huvishwa foronya bila kushikwa kwa kidevu, maana kidevu kina jasho. Midomo ya foronya huelekezwa upande usiotazama mlango. Mwisho, kiganja na mkono wote hadi kwenye kiwiko hupita juu ya duveti mara moja, na kitanda kinanyooka.

Ukaguzi unaofuata una hekima yake. Msimamizi mwema hakagui akiwa amesimama mlangoni na daftari. Huketi kwenye kiti, huketi ukingoni mwa kitanda, huinamisha kichwa mahali kichwa cha mgeni kitakapolala, huketi hata chooni, kwa kuwa mgeni hukitazama chumba akiwa katika hali hizo. Kutoka kwenye mto huonekana utando wa buibui darini ambao aliyesimama hauoni. Kutoka chooni huonekana upande wa chini wa sinki. Sijui shule nzuri kuliko hii kwa yeyote anayetoa huduma kwa wenzake, awe daktari, karani au mwalimu: aketi kwanza pale anapoketi anayemhudumia.

Hadi hapa ni upande wa kusahau. Upande wa kukumbuka ni mgumu zaidi, kwa sababu hauna orodha.

Mgeni anayebaki ameacha maisha yake wazi. Kitabu kimelazwa kifudifudi kwenye ukurasa fulani. Karatasi zimetawanyika mezani kwa mpangilio ambao yeye peke yake anauelewa. Dawa ziko karibu na bilauri. Noti ziko kwenye kabati dogo. Kanuni ya kwanza hapa ni kwamba kilicho ndani ya kapu la taka ndicho taka. Kilicho nje ya kapu, hata kikiwa kipande cha karatasi kilichofinyangwa, ni mali ya mtu. Kitabu huwekewa alama kisha hufungwa, au huachwa kilivyo na kufutiwa vumbi kandokando. Karatasi hazipangwi. Nguo zilizotupwa kitini hukunjwa, lakini sanduku la mgeni haliguswi. Fedha haziguswi hata kwa kusogezwa.

Kisha mhudumu husoma. Mto wa tatu umewekwa chini kwenye zulia, basi mgeni hulala na miwili. Upande wa dirishani ndio uliolaliwa, basi maji ya usiku yahamie upande huo. Mifuko ya chai ya tangawizi imekwisha na ya kawaida haijaguswa, basi ya tangawizi iongezwe. Taulo la pili limetandikwa sakafuni likitazama upande mmoja, basi huyu anaswali, na kesho atakuta msala umekunjwa juu ya kiti bila kuuomba. Hayo yote yamesomwa bila droo kufunguliwa wala barua kutazamwa. Ni kumwona mtu pasipo kumchungulia, na mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba mno. Mhudumu anautembea kila siku akiwa peke yake, bila shahidi, na kulala kwetu kwa amani kunategemea asiteleze.

Anajua mengi. Anajua nani amelia usiku, nani ameanza tena kunywa, ndoa gani imelala vitanda viwili. Watu wazima wanaoheshimika mjini wamemwonyesha, bila kukusudia, kile ambacho ndugu zao hawajakiona. Naye humsitiri kila mmoja. Katika zama hizi ambapo picha ya siri ya mtu huzunguka mji mzima kwenye simu kabla ya adhuhuri, kundi kubwa la wafanyakazi wenye funguo za vyumba vyote, waliochagua kunyamaza, ni hazina ya maadili ambayo hatuihesabu. Tunawasifu mawakili na madaktari kwa kutunza siri. Hawa nao wanazitunza, kwa mshahara mdogo zaidi.

Kwetu ufundi huu haukuletwa mkono mtupu. Hoteli za Mji Mkongwe wa Unguja zinapotandaza asumini kitandani jioni na kuacha harufu ya udi ndani ya chumba, zinarithi mikono ya kina mama waliojua zamani kufukiza nguo na mashuka kwa udi, kusuka vikuba vya asumini na rehani, na kukitayarisha chumba cha maarusi ili anayeingia ajue ametunzwa kabla hajaambiwa neno. Zipo kazi za jioni zinazofanana katika hoteli zote za fahari duniani: mapazia hufungwa, pembe ya duveti hufunuliwa, ndara huwekwa kwenye kitambaa kando ya kitanda, taa hupunguzwa. Kwenye pwani yetu huongezwa kushusha chandarua na kukichomeka kotekote pasibaki tundu la mbu. Palipo na mhudumu aliyelelewa katika desturi hiyo, kazi ya jioni haina ugumu wa kanuni za ofisini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Na anayeandaa chumba kwa imani hiyo hutofautiana na anayeandaa kwa kuogopa kukatwa mshahara. Tofauti huonekana kwenye kitanda.

Lakini historia ya kazi hii kwenye miji yetu ina uchungu ambao sifa zangu haziwezi kuuruka. Mjini Nairobi, hoteli ya Stanley ilianzishwa na Mayence Bent mwaka 1902 na ikahamia mahali ilipo sasa mwaka 1913. Norfolk ilifungua milango siku ya Krismasi mwaka 1904. Kumbi za hoteli hizo zimejaa kumbukumbu: Theodore Roosevelt aliyefika mwaka 1909 kwenda kuwinda, Ernest Hemingway na safari zake. Stanley ilikuwa hata na mti wa mgunga kwenye mkahawa wake, ambako wasafiri walibandika ujumbe kwa wenzao waliotarajiwa kupita. Waliotandika vitanda vya wageni hao hawamo katika kumbukumbu hizo. Chini ya ukoloni na ubaguzi wake wa rangi, Mwafrika aliweza kukitandika kitanda asichoruhusiwa kukilalia. Mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, ndani ya kanzu nyeupe, aliitwa boi na kijana ambaye angeweza kumzaa. Ufundi ulikuwapo wakati ule ule, mikononi mwake, na haukuitwa ufundi.

Uhuru uliligusa jambo hili zaidi ya tunavyokumbuka. Mwaka 1965 ilifunguliwa Kilimanjaro Hotel mjini Dar es Salaam, ikitazama bandari, hoteli ya taifa changa lililotaka kupokea wageni wake kwa heshima yake lenyewe. Leo jengo hilo ni Hyatt Regency. Mwaka 1975 Kenya, kwa ushirikiano na Uswisi, ilianzisha chuo cha Utalii jijini Nairobi, chenye hoteli yake ambamo wanafunzi hujifunza kwa kuhudumia wageni halisi. Tanzania ina Chuo cha Taifa cha Utalii, na Zanzibar ina mafunzo yake Maruhubi. Kazi iliyoitwa utumishi ikawa somo lenye walimu, mtihani na cheti. Binti anayejifunza leo jinsi ya kukunja pembe ya shuka anajifunza pia kemia ya dawa, lugha za wageni, hesabu za akiba ya mashuka na sheria ya usalama. Kutoka boi hadi fundi mwenye cheti ni safari ya heshima, na haijafika mwisho.

Haijafika mwisho kwa sababu mwili bado unalipa. Katika hoteli nyingi mhudumu mmoja hupewa vyumba kati ya 12 na 16 kwa zamu. Anasa ya mgeni ina uzito kwake: godoro nene zaidi la kuinua, mito sita badala ya miwili, duveti pana la kukung'uta, beseni la kuogea la kuinamia. Mgongo na mabega ndivyo hulalamika kwanza. Mwaka 1991 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 172 kuhusu mazingira ya kazi katika hoteli na mikahawa, na huku kwetu vyama kama KUDHEIHA nchini Kenya na CHODAWU nchini Tanzania huwasemea wafanyakazi hawa. Ni haki kuyataja haya ndani ya insha ya sifa, kwa kuwa sifa peke yake haijazi sufuria. Chanda chema huvikwa pete. Tukisema kwamba kidole hiki ni chema na pete tukaendelea kuivisha marumaru, sifa zetu ni maneno matupu.

Kwa hiyo anayetaka kupima hoteli ya kifahari na apime hivi. Asihukumu jioni ya kwanza, kwa kuwa jioni ya kwanza huonyesha tu jinsi chumba kilivyomsahau aliyetangulia. Angoje ya pili, ndipo ajue kama kimeanza kumkumbuka yeye. Atazame nyuma ya koki. Atazame kitabu chake kama bado kiko kwenye ukurasa wake. Asikilize mlango unavyogongwa. Na yeye mgeni ana wajibu: aweke taka kwenye kapu, akusanye taulo chafu mahali pamoja, aning'inize kibao cha kuzuia usumbufu mapema kama hataki huduma, ili ratiba ya mwenzake isivurugike. Bakshishi na aiache kila siku, maana zamu hubadilika na aliyesafisha leo huenda asiwe wa kesho. Aiache na kijikaratasi kinachosema ni ya mhudumu wa chumba, kwa sababu fundi mwaminifu hatagusa fedha zisizo na maelezo. Akiandika maoni, na ataje usafi wa chumba kabla ya mandhari ya dirishani, na jina la aliyekisafisha kama analijua.

Nyota zilizoning'inizwa mlangoni hueleza ukubwa wa chumba, lifti, bwawa na idadi ya mikahawa. Ni habari za kweli na zina kazi yake. Swali langu mimi ni jingine: wanaotandika hapa wamekaa miaka mingapi? Palipo na wahudumu waliodumu, kuna mtu anayejua kwamba mgeni wa mwezi wa tatu hupenda mto mgumu, kwamba dirisha la ghorofa ya tano huvuja wakati wa masika, kwamba mzee fulani hapandi lifti. Kumbukumbu hizo haziwezi kuandikwa zote kwenye kompyuta, na mwenye kumbukumbu hizo akiondoka kwa kuchoka au kwa kupunjwa, huondoka nazo. Vyumba vya hoteli vinaweza kusahau kwa usalama kwa sababu wapo watu wanaokumbuka. Hoteli inayowalipa watu hao vizuri na kuwabakiza ndiyo ninayoiita ya kifahari, hata kama marumaru yake ni ya kawaida.